Glaida ya rimoti inapiga pua, inayumba au haipai? Iweke sawa kwa mpangilio huu

Glaida haina injini ya kuficha makosa. Ndege yenye propela ikiwa nzito puani, rubani huongeza moto na safari ikaendelea. Glaida ikiwa nzito puani hulipa kwa kila mita inayoshuka. Ndiyo maana kazi ya kuiweka sawa huanza kwa rula na mizani. Rimoti huja baadaye. Anayeanza kwa kubofya trimu (vitufe vya rimoti vya marekebisho madogo) angani huishia na eleveta (kibao cha mkia wa kulala kinachoinua na kushusha pua) iliyopinda milimita nne, usukani (kibao cha mkia wa wima) umelala upande mmoja, na modeli inayoruka vizuri kwa mwendo mmoja tu. Mwendo ukibadilika, kila kitu kinavurugika.

Mfano tutakaoufuata ni glaida ya kawaida ya kutafutia hewa inayopanda: mabawa ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha, uzito gramu 900, inaongozwa na usukani na eleveta peke yake, na ncha za mabawa zimekunjwa kwenda juu. Bawa lina upana wa mm 220 pale linapokutana na kiwiliwili na mm 150 nchani. Kama yako ina eleroni (vibao vya nyuma ya bawa, karibu na ncha, vya kuinamisha upande) na flapu (vibao vya karibu na kiwiliwili, vya kutulia), hatua za mwanzo ni zilezile. Mambo yake yamo mbele kidogo.

Mezani

Funga mabawa na mkia kama unavyofunga uwanjani. Pima kwa uzi usionyumbuka kutoka mwisho wa mkia hadi ncha ya bawa la kulia, kisha la kushoto. Tofauti isizidi mm 3. Simama mita tatu nyuma ya modeli, jicho likiwa usawa wa bawa: mkia wa kulala na bawa viwe sambamba. Mkia ulioinama upande mmoja utaipindisha modeli siku zote, na hakuna trimu itakayoutibu kwa mwendo wote.

Sasa tazama kama mabawa yamejipinda. Ncha zote mbili zinatakiwa ziwe na ukingo wa nyuma ulioinuka kidogo, mm 2 hadi 3, kwa kiasi kilekile kulia na kushoto. Mwinuko huo huifanya ncha ichelewe kupoteza nguvu ya kuinua kuliko sehemu ya katikati, kwa hiyo mwendo ukipungua modeli huinamisha pua badala ya kudondosha bawa moja. Ukikuta upande mmoja una mm 3 na mwingine hauna kitu, hapo ndipo penye ugonjwa. Bawa la balsa (mbao nyepesi) lililofunikwa kwa plastiki hunyooshwa na watu wawili: mmoja analipinda kinyume, akipitiliza kidogo, mwingine anapitisha pasi ya moto mdogo juu ya plastiki, kisha wanasubiri lipoe bila kuliachia. Bawa la povu hulainishwa kwa maji ya moto na kushikiliwa hadi lipoe.

Tikisa eleveta kwa kidole huku sevo (mota ndogo inayoisukuma) ikiwa imewashwa. Ikicheza zaidi ya mm 1 kwenye ukingo wake wa nyuma, usiende uwanjani. Mchezo huo maana yake hewa itaisukuma eleveta mahali tofauti kwa kila mwendo, na vipimo vyote vya baadaye vitakudanganya. Mara nyingi chanzo ni tundu la pembe (kipande kilichofungwa kwenye eleveta) lililopanuka, au ufito mwembamba wa kutoka kwenye sevo unaopinda katikati kwa kukosa kishikizo. Tundu lililopanuka badilisha pembe yenyewe. Gundi ya kujazia haidumu.

Washa rimoti, rudisha trimu zote sifuri, ndipo ufunge mkono wa sevo ukiwa wima dhidi ya ufito. Rekebisha kwa kuzungusha klevisi (kibano cha mwisho wa ufito) hadi eleveta na usukani vinyooke na mkia. Ufito uingie tundu la ndani kwenye mkono wa sevo na tundu la nje kwenye pembe: unapata mwendo mdogo lakini wenye nguvu na usahihi. Kwa kuanzia weka eleveta mm 10 juu na mm 10 chini, usukani mm 30 kila upande, ukipima kwenye ukingo wa nyuma.

La mwisho mezani ni mizani ya kulia na kushoto. Ning'iniza modeli kwa nyuzi mbili, moja puani na moja mkiani, zote katikati ya kiwiliwili. Bawa litakaloshuka ndilo zito. Gramu 3 hadi 5 kwenye ncha ya bawa jepesi kwa kawaida zinatosha.

Kitovu cha uzito

Hapa pana kiini cha kazi yote, kwa hiyo tusiharakishe. Kitovu ni pale modeli inaposimama sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Mahali pake hupimwa kwa asilimia ya upana wa wastani wa bawa, kuanzia ukingo wa mbele. Kwa bawa linalopungua kwa mstari mnyoofu, gawanya upana wa nchani kwa upana wa katikati: 150 ÷ 220 = 0.68. Namba hiyo tuiite t. Upana wa wastani ni theluthi mbili ya 220, mara (1 + t + t²), gawanya kwa (1 + t). Kwa mfano wetu jibu ni mm 187.

Anza na asilimia 33, yaani mm 62 kutoka ukingo wa mbele. Ni salama, inaelekea kidogo uzito wa pua. Glaida nyingi za aina hii huishia kati ya asilimia 35 na 40, yaani mm 65 hadi 75, lakini huko hufikiwa kwa kurusha na kupima, si kwa kukisia. Hesabu hii inadhani ukingo wa mbele umenyooka kutoka ncha hadi ncha. Kama unarudi nyuma kuelekea nchani, upana wa wastani upo mm 468 kutoka katikati ya modeli: pima pale ukingo umerudi kiasi gani, kisha uongeze kiasi hicho kwenye 62.

Weka alama kwa selotepu chini ya bawa pande zote mbili, tia kila kitu ndani pamoja na betri, funga kifuniko, kisha isimamishe modeli juu ya ncha za penseli mbili zenye vifutio. Pua ikianguka polepole sana, uko sawa. Kabla hujaongeza risasi (madini mazito ya kuongeza uzito puani), sukuma betri mbele kadiri nafasi inavyoruhusu. Kikikosekana kitu, tumia chubwi za wavuvi au vile vipande vya risasi vyenye gundi ambavyo mafundi wa tairi hubandika kwenye rimu: vimegawanywa kwa gramu 5 au 10 na havihitaji kuyeyushwa. Osha mikono baada ya kushika risasi. Usivigandishe kwa gundi kali bado, kwa sababu utavitoa.

Hesabu ya kuhamisha kitovu ni rahisi. Zidisha uzito wa modeli kwa milimita unazotaka kuhama, gawanya kwa umbali wa risasi kutoka kwenye kitovu. Kurudi nyuma mm 5 kwa glaida ya gramu 900, risasi ikiwa mm 300 mbele ya kitovu: 900 × 5 ÷ 300 = gramu 15 za kutoa. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini mkia mzito ni ghali. Gramu 10 zilizo mm 700 nyuma ya kitovu zinadai gramu 23 puani. Anayepaka mkia rangi tabaka tatu anajiandikia risasi mwenyewe.

Kurusha kwa mkono

Chagua asubuhi na mapema, kabla jua halijaanza kupasha ardhi na, ukiwa pwani, kabla upepo wa baharini haujaamka. Uwanja wa nyasi ndefu ni bora kuliko wa mpira. Jaribu kwanza mawasiliano: rimoti ikiwa kwenye hali ya nguvu iliyopunguzwa, tembea hatua 30 na uhakikishe sevo zinatii bila kutetemeka.

Elekea upepo. Mabawa yawe usawa, lenga kwa macho mahali ardhini kama mita 30 mbele, kisha isukume modeli kwa mstari mnyoofu kama unayemrushia mtu mkuki bila kutaka kumuumiza. Usiirushe juu. Ikitoka kwenye mkono ulio mita 1.8 juu ya ardhi katika hewa tulivu, glaida ya mita 2 iliyo sawa hutua mita 20 hadi 25 mbele.

Ikipanda, ikasimama, ikadondosha pua, kisha ikarudia, kabla ya kugusa kitu rusha tena polepole zaidi. Nusu ya visa hivyo ni mkono wenye nguvu mno. Tatizo likibaki, shusha eleveta mbofyo mmoja mmoja. Ikienda ardhini moja kwa moja, inua eleveta. Ikihitaji zaidi ya mm 3 kwenda juu ndipo ielee, kitovu kiko mbele mno au mkia umefungwa kwa kona (mwinamo) isiyo yake.

Ikipinda upande mmoja, usikimbilie trimu ya usukani. Jiulize: inapinda zaidi ikienda kasi au ikienda polepole? Kinachozidi kwa kasi ni umbo: bawa lililojipinda, mkia ulioinama, usukani usionyooka. Kinachojitokeza mwendo ukipungua ni uzito: bawa moja ni zito kuliko jingine. Swali hili moja huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kutafuta mwendo wa kuelea

Ipandishe hadi mita 80 au zaidi, kwa mpira wa kuvutia (mpira mrefu na kamba vinavyoivuta modeli juu) au kwa mota kama unayo. Iweke kwenye mstari mnyoofu na uachie fimbo. Rekebisha trimu hadi iende sekunde 10 bila kuguswa. Kisha inua eleveta mbofyo mmoja, subiri sekunde tano, mwingine tena, subiri. Itafika mahali pua inaanza kupanda na kushuka kwa kichovu, na mkia unaonekana kuburuzika. Hapo bawa linakaribia kupoteza nguvu ya kuinua, hali ambayo marubani huita stoli. Rudi chini mibofyo miwili au mitatu. Huo ndio mwendo wa kushuka taratibu kuliko wote, na ndio wa kuanzia kila kipimo kinachofuata.

Huo si mwendo wa kwenda mbali, maana kufika mbali zaidi kunahitaji kasi kidogo zaidi. Ukirudi dhidi ya upepo, sukuma pua chini bila huruma. Wengi hupoteza glaida nyuma ya miti kwa sababu wanaona vibaya kushuka, na modeli inabaki juu ikirudi kinyumenyume.

Kipimo cha mbizi

Kutoka mita 100 hivi, ruka kukatisha upepo ili uione modeli kwa ubavu. Ikiwa imetulia kwenye mwendo wa kuelea, inamishe pua digrii 30, shikilia hadi mwendo uongezeke, kisha uachie eleveta. Hesabu sekunde mbili au tatu na utazame tu.

Ikinyanyuka kwa nguvu na kupita usawa, kitovu kiko mbele mno. Ikirudi juu kwa upole, kwa upinde mrefu, iko pazuri. Ikiendelea na mstari uleule wa mbizi, imefika ukingo wa mwisho unaofaa. Ikizidi kuinamisha pua, kitovu kiko nyuma mno: vuta fimbo taratibu, tua, rudisha risasi. Usivute kwa ghafla katika mwendo mkali, mabawa huvunjika katikati. Ukisikia mvumo au kuona ncha zikitetemeka, acha kipimo papo hapo.

Sababu yake ni hii. Glaida nzito puani huhitaji mkia uikandamize nyuma ili pua isianguke. Nguvu ya mkia hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Risasi iliyo puani haikui. Kwa hiyo kwenye mbizi mkia hushinda, na pua hupanda.

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii huzaliwa hapa. Mtu anaona modeli yake ikinyanyua pua kila inapopata kasi, anasema pua ni nyepesi, anaongeza risasi. Modeli inaanza kushuka upesi, anainua trimu ya eleveta. Safari inayofuata inanyanyuka kwa nguvu zaidi, naye anaongeza risasi nyingine. Dawa ni kinyume kabisa: punguza risasi, kisha shusha eleveta kidogo.

Hama mm 5 kwa mara moja mwanzoni, halafu mm 2 unapokaribia. Kila ukihama, tafuta upya mwendo wa kuelea kabla ya kupima tena, la sivyo unapima trimu ya zamani. Bawa la povu laini nalo hujipinda lenyewe kwenye kasi, kwa hiyo kwa modeli hizo mbizi iwe ya upole na matokeo yachukuliwe kwa tahadhari.

Uishie wapi? Washindani hupenda karibu na ule ukingo wa mwisho, kwa sababu modeli huonyesha hewa inayopanda kwa kila dalili: mkia unainuka, bawa linasukumwa. Lakini modeli hiyo haijiongozi, na ikiwa mbali mita 300 jicho likakosea, hairudi yenyewe. Kwa anayejifunza, acha kile kinyanyuko cha upole. Utapoteza kidogo katika kushuka na kupata mengi katika utulivu.

Ukisharidhika, tua na uangalie eleveta imekaa wapi. Ikiwa imeshuka mm 2 au 3 muda wote, mkia wenyewe unataka kubadilishwa kona. Inua ukingo wa mbele wa mkia wa kulala kwa kipande cha plaiwudi: mm 1 chini ya mkia wenye upana wa mm 100 ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Kama eleveta imeinuka, ushushe ukingo huo. Kisha rudisha trimu ya rimoti sifuri. Mkia ulionyooka unakokota hewa kidogo kuliko uliovunjika katikati.

Kupinda, eleroni na flapu

Glaida ya usukani hupinda kwa sababu pua ikielekezwa kushoto, bawa la kulia lililokunjwa linapigwa na hewa zaidi na kuinuka. Huchelewa nusu sekunde. Hilo si kosa. Ukitaka mzunguko mwembamba, toa usukani, subiri bawa liiname, punguza usukani, kisha ongeza eleveta kidogo sana.

Yenye eleroni ina tatizo lake. Eleroni inayoshuka hukokota hewa kuliko inayopanda, hivyo pua hukimbilia nje ya kona. Weka eleroni ipande mara mbili ya inavyoshuka, kwa mfano mm 15 juu na mm 7 chini, na uchanganye usukani asilimia 30 kwenye rimoti. Jaribu ukiitazama kwa nyuma ikienda mbali: inamisha kulia na kushoto kwa haraka. Pua ikienda upande usio wa bawa linaloshuka, ongeza usukani. Ikitangulia ndani ya kona, punguza.

Kwa kutua, flapu zishuke digrii 70 hadi 90 na eleroni zipande kidogo. Pua itapanda kwa nguvu, kwa hiyo changanya eleveta kushuka. Anza na mm 4 flapu zikiwa zimefunguka zote. Jaribu kwenye mita 50, kamwe si karibu na ardhi. Pua hubadilika zaidi kwenye sehemu ya mwanzo ya flapu, basi kama rimoti yako ina mchoro wa mkunjo, weka fidia kubwa mwanzoni kuliko mwishoni.

Ndoano ya kuvutia

Kwa mpira wa mita 30 na kamba ya nailoni ya mita 100, ndoano ya chini ya kiwiliwili inayoshika kamba ikae mm 8 hadi 10 mbele ya kitovu kwa kuanzia. Kumbuka kitovu kimehama. Ndoano iliyofungwa siku ya kwanza huenda sasa iko mbele mno. Dalili yake ni kupanda kwa kona ndogo na kuachia kamba chini. Isogeze nyuma mm 2 kila mara. Ikianza kuyumba kulia na kushoto kwenye kamba, umepita. Rudi hatua moja. Mvuto pima kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 3 hadi 3.5 zinatosha kwa modeli ya gramu 900, na upepo ukiwepo, chini ya hapo.

Mahali unaporushia

Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Modeli ileile huko inahitaji mwendo wa asilimia 8 au 9 zaidi ili ielee. Kurusha kwa mkono kuwe na nguvu zaidi, na kutua kunachukua nafasi ndefu. Kitovu cha uzito hakibadiliki, kwa hiyo usihamishe risasi kwa sababu umepanda basi.

Jua ni adui mwingine. Modeli iliyofungiwa kwenye buti ya gari mchana hutoka na plastiki iliyolegea au bawa la povu lililopinda, hasa lenye rangi nyeusi. Rudia ukaguzi wa ncha za mabawa kabla ya kurusha. Na kabla ya yote, ulizia masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, na ukae mbali na njia za viwanja vya ndege.

Andika kwa kalamu ya kudumu, ndani ya kifuniko: mm za kitovu, gramu za risasi, mahali betri inapokaa, mibofyo ya trimu. Betri mpya yenye gramu 20 zaidi, au kiraka cha mkiani baada ya ajali, hurudisha kazi kwenye penseli mbili.